Nyuzi Tisini na Saba

1

Kipimo kilisoma nyuzi tisini na saba, na huko nje barafu ilikuwa bado haijayeyuka juu ya majani ya viazi.

Nilisimama mbele ya kompyuta ya zahanati ya Lyavala, nimevaa makoti mawili na kofia ya sufu, bisibisi mkononi, nikasoma upya. Prosesa, nyuzi thelathini na nane. Diski, thelathini na tano. Chipseti, tisini na saba. Nikafuta kioo kwa kiganja, maana mtu akiogopa hujaribu hata ya kijinga. Kipimo kikaandika tisini na nane.

"Imeanza lini hii, Sista?"

"Jana mchana," alisema Sista Leokadia Tweve, muuguzi aliyeiendesha zahanati hiyo peke yake kwa miaka kumi na miwili. Alikuwa amesimama mlangoni na hakuingia. "Ilikuwa inalia kidogokidogo. Nikadhani imechoka, inataka kupumzika."

"Ikipumzika hii, Sista, tunachimba makaburi hamsini na tisa."

Mimi nikiogopa hufoka. Sijivunii, lakini ndivyo nilivyo, na siku hiyo nilikuwa nimeogopa tangu nilipoona ujumbe wake kwenye simu. Chini ya vipimo vya joto, kwenye kioo, kulikuwa na nukta hamsini na tisa za kijani, kila moja ikiwaka na kuzimika kwa mwendo wake. Kila nukta ilikuwa moyo wa mtu. Nambari kumi na nne ilikuwa ya mama yangu.

Homa ya bonde ilipita kwenye milima yetu nikiwa kidato cha pili. Walionusurika walibaki na mioyo isiyojua kupiga yenyewe, na kila mmoja aliwekewa kifuani kitu kidogo ambacho watu walikiita karanga, kwa sababu kinalingana nayo. Karanga haina akili. Inasikiliza moyo, inatuma habari kwa redio hadi kwenye kompyuta ya kijiji, kompyuta inapiga hesabu na kurudisha jibu: piga sasa, ngoja, piga sasa. Mamlaka ya Mioyo ilituletea makusudi kompyuta za mezani za kizamani, zile za sanduku, ili fundi wa kata kama mimi, Zabeli Mahenge, aweze kuzifungua kwa bisibisi moja. Sijawahi kulala vizuri tangu niliposaini kazi hiyo.

Chipseti ikifika nyuzi mia moja na tano, kompyuta hujizima yenyewe ili isiungue. Haimuulizi mtu.

Niliinama nizungukie nyuma ya sanduku, mkono wangu ukagusa kitu laini.

"Hili nini?"

"Blanketi."

"Naona ni blanketi, Sista. Linafanya nini hapa?"

"Ni hii baridi, fundi. Juzi barafu ilikuja mpaka dirishani. Nikaionea huruma, iko peke yake humu ndani bila moto."

Ndivyo tulivyo watu wa huku juu. Tunafunika mtoto, tunafunika sufuria, tunafunika redio, na mgeni akifika unamtupia shuka magotini kabla hujamuuliza habari za safari. Nilitaka kucheka nikashindwa. Nililivuta blanketi, nikalitupa juu ya kiti, tukasubiri. Tisini na saba. Tisini na sita. Tisini na tano. Ikasimama hapo kwa muda, halafu ikaanza kupanda tena taratibu.

Kumbe halikuwa blanketi peke yake.

2

Kipimo nacho huweza kudanganya. Kwa hiyo nilifungua ubavu wa sanduku, nikalamba kidole na kukigusisha kwenye bati dogo la kupozea lililolala juu ya chipseti. Mate yalichemka na mimi nikaruka. Kipimo kilikuwa kinasema kweli.

Nikatafuta vumbi. Lilikuwepo, nikalipuliza kwa pampu ya baiskeli mpaka Sista akapiga chafya, na joto halikushuka hata nyuzi moja. Nikasikiliza feni ndogo ya pembeni; ilikuwa inazunguka vizuri bila mkwaruzo. Kilichobaki kilikuwa grisi. Kati ya chipseti na bati lake kuna grisi nyeupe inayopitisha joto, na ikizeeka hukauka, bati likabaki limekaa tu bila kunyonya kitu. Kuibadilisha ni kazi ya dakika tano kwa fundi asiye na haraka. Lakini ni lazima kompyuta izimwe.

"Karanga zinashika mdundo wa mwisho kwa muda gani?" Jibu nilikuwa nalijua. Nilitaka mtu mwingine alitamke.

"Sekunde tisini," alisema Sista. "Baada ya hapo zinanyamaza."

"Na kompyuta inachukua arobaini kuwaka."

"Kwa hiyo una hamsini."

"Nina arobaini na tano. Hizo tano nyingine ni za kumwomba Mungu."

Alipiga simu kwa mabalozi wa vitongoji vyote: kila mwenye karanga akae chini, asiinuke mpaka aambiwe. Kisha akatoka ukumbini akapiga simu nyingine, kwa sauti ya chini. Nilimsikia akirudia "wote, wote," lakini akili yangu ilikuwa kwenye vifaa. Nilivipanga juu ya taulo safi: bisibisi, kitambaa chenye spiriti, bomba la grisi. Nikaipiga mikono yangu kofi, mmoja kwa mwingine, kama mtu anayemkanya mtoto.

"Hesabu kwa sauti," nikamwambia, nikabonyeza kitufe.

Nukta zote zikazimika pamoja.

"Moja. Mbili. Tatu."

Skrubu ya kwanza ilitoka. Ya pili ilitoka. Bati likagoma.

"Kumi na moja. Kumi na mbili."

Nikalizungusha kwa nguvu, likaachia, likaniunguza vidole viwili. Sikulitupa. Grisi ilikuwa imekauka kweli, imekuwa magamba. Nikafuta kwa spiriti, nikafuta tena. Nilimwona mama yangu kwenye kigoda chake jikoni, ametii amri ya balozi, amekaa kimya anasubiri asichokijua. Nikaweka tone jipya la grisi lenye ukubwa wa punje ya mtama.

"Thelathini na moja. Thelathini na mbili."

Bati likakaa. Skrubu ya kwanza ikaingia. Ya pili iliniponyoka, ikaangukia ndani, juu ya mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba kila kitu.

Skrubu ikibaki juu ya mazabodi na umeme ukawashwa, hakuna tena cha kutengeneza. Sauti ya Sista ilianza kukatika, lakini hakuacha kuhesabu. Nilipitisha vidole katikati ya nyaya bila kuona chochote, nikigusa kila kitu ambacho fundi hafundishwi kukigusa, na kwenye arobaini na nne nikaihisi. Nikaikaza nusu. Nikabonyeza.

Kioo kikabaki cheusi kwa muda ambao sipendi kuukumbuka.

"Themanini na nne," alisema Sista. "Themanini na tano. Bwana Yesu. Themanini na sita."

Ikawaka nukta moja. Zikawaka kumi. Zikawaka zote, na ya kumi na nne ilikuwemo.

Nililia, na sioni aibu kulisema. Sista aliketi sakafuni na kufunika uso kwa kanga yake. Chipseti ilisoma sabini na nne na sisi tukatazamana kama wanawake waliotoka kuzalisha. Akaenda kuleta chai. Nilipomaliza kikombe changu kipimo kilikuwa tisini na mbili, na sasa kilipanda haraka kuliko mwanzo.

3

Fundi mwenye hofu hubadilisha vipuri. Fundi mwenye akili husoma vipimo. Nilikuwa nimeanza na hofu, sasa nikakaa kitako nisome.

Prosesa ilikuwa thelathini na tisa. Prosesa ndiyo yenye akili. Inakaa ndani na kupiga hesabu. Chipseti haipigi hesabu yoyote. Yenyewe ni mlango: kila kinachotoka kwenye diski, kwenye nyaya na kwenye redio lazima kipite kwake. Sasa hapa mwenye nyumba amepoa na mlango unaungua. Maana yake ni moja tu, kwamba wanaogombana mlangoni ni wengi, na wanaofika kwa mwenye nyumba ni wachache.

Nilifungua kumbukumbu za mlango huo. Nikaanza na nambari kumi na nne, kwa sababu ni ya mama.

Ilikuwa inatuma habari mara mbili. Mapigo sitini na mawili kwa dakika, na papo hapo, mapigo mia moja na kumi. Kompyuta inaona moyo mmoja hauwezi kwenda hivyo, inaomba habari irudiwe. Inarudiwa, haipatani, inaomba tena, mamia ya mara kwa sekunde, mwisho inachoka, inachukua katikati ya hizo mbili na kutuma jibu moja. Nikafungua nambari ya kumi na tano, ya ishirini, ya thelathini. Nambari thelathini na moja zilikuwa hivyohivyo.

Tangu mwezi wa nne mama alikuwa akiniambia kwamba alfajiri moyo wake unaenda mbio akiwa kitandani. "Kama nalima," alisema. Nilimkataza majani ya chai. Nilimwambia ni uzee, na nilimwambia kwa kufoka.

Nikaenda nyuma ya sanduku. Kompyuta ya kijiji ina waya mmoja wa antena. Hii ilikuwa na miwili. Ule wa pili, wa kijivu, ulishuka nyuma ya kabati la dawa, ukapita kwenye tundu la ukuta lililozibwa kwa tambara, ukatokea stoo ya vitanda vibovu na kupanda hadi darini. Huko juu nikaikuta antena nyingine, imeelekezwa ng'ambo ya mlima. Ilikuwa imeandikwa kwa rangi ubavuni: ISUNGU.

Niliposhuka ngazi, Sista alikuwa amesimama chini ananisubiri.

"Mficha uchi hazai, Sista. Sema."

Akasema. Mwezi wa tatu Mamlaka iliondoa kompyuta ya Isungu, kwa sababu kijiji chenye watu wa karanga chini ya hamsini hakistahili mashine. Waliambiwa wahame.

"Wahamie wapi, fundi, na mashamba yao? Watu thelathini na wawili! Hii yetu inakubali nambari sitini tu, na zote zilikuwa na wenyewe. Nikaichukua antena yao kabla gari halijaja. Karanga zao nikaziandikia nambari za huku."

"Thelathini na wawili? Mimi naona thelathini na moja."

Akatazama pembeni. "Mmoja amefariki."

"Nambari za huku za nani, Sista?"

"Za wajina wao."

Sikuelewa mara moja, au sikutaka kuelewa.

"Ningempa nani nambari ya nani?" alisema. "Kwetu wajina wako ni wewe. Watoto wake wanakuita mama, na msibani kwake unakaa na wafiwa. Nikaona kama ni lazima mtu agawane moyo wake, basi agawane na wajina. Yelida na Yelida. Lutengano na Lutengano. Tupokigwe na Tupokigwe."

Tupokigwe ni mama yangu.

"Ungewapanga kwa umri!" Nilikuwa napiga kelele. "Mzee na mzee, mkulima na mkulima, mapigo yangekaribiana, mlango usingeungua! Wewe umemfunga ajuza na mtu anayelima!"

"Mimi ni muuguzi, Zabeli. Sikujua kwamba mashine haijui wajina."

"Wabadilishe."

"Karanga inakubali kuandikwa nambari mara mbili tu. Siku inapoingia kifuani, na mara moja tena mtu akihama. Ile ya pili nimeshaitumia. Juzi nilimalizia wanne wa mwisho, wale waliokuwa wanaishi kwa mashine ya kuazima. Jana ndipo ikaanza kulia."

Nilirudi kwenye sanduku, nikaushika ule waya wa kijivu. Tisini na sita. Kuuchomoa ni kazi ya vidole viwili. Chipseti ingepoa kabla ya saa sita, mama angelala usingizi wa kawaida, na ng'ambo ya mlima watu thelathini na mmoja wangekuwa na sekunde tisini. Nisipouchomoa, kabla ya jioni ingefika mia moja na tano na tungepoteza watu tisini, mama akiwemo. Nasema kweli: nilitaka kuuchomoa. Nilitafuta sababu nikazipata nyingi, na zote zilikuwa nzuri.

Sista hakuniomba wala hakunishika mkono.

"Wajina wa mama yako yuko hapo nje kwenye benchi," alisema. "Jana alianguka tena shambani, amekuja nimpime. Ukichomoa, mwambie kwanza."

4

Alikuwa binti wa miaka kama ishirini, sweta jekundu, viatu vya mpira vyenye tope, jembe limeegemezwa ukutani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ndiye Tupokigwe?"

"Tupokigwe Sanga, wa Isungu."

Nikauliza swali la fundi, kwa sababu sikuwa na lingine. "Unaanguka saa ngapi?"

"Mchana, dada. Kila siku baada ya chakula. Niko kwenye tuta, nalima vizuri tu, mara moyo unalala. Miguu inaisha nguvu." Akacheka kwa aibu. "Wenzangu wanasema ni uvivu."

Baada ya chakula cha mchana mama yangu hujilaza. Hajawahi kuacha hata siku moja tangu nimjue. Na huyu alfajiri huanza kulima. Kila mmoja alikuwa anamburuta mwenzake, na hakuna aliyemjua anayemburuta.

Nilitaka kurudi ndani nikamalize. Badala yake nilisimama pale nikimtazama anavyopumua, kwa sababu kilichokuwa kinaunguza chipseti hakikuwa yeye. Kilikuwa kutopatana. Mapigo yakipatana, hakuna kurudia, na pasipo kurudia hakuna joto. Nikampigia mama simu. Anakaa chini tu ya zahanati.

"Nimeambiwa nisiinuke," alisema mama.

"Inuka sasa. Njoo polepole. Polepole, mama, nakuomba."

Alifika baada ya robo saa. Nilimketisha kando ya yule binti, nikawafunika shuka moja magotini. "Huyu ni wajina wako, mama. Nitakueleza. Kwanza msiongee. Pumueni pamoja." Mama alinitazama kwa jicho la kuniambia nitaeleza kweli, halafu akaushika mkono wa binti kama anayeshika wa mjukuu.

Nikakimbilia ndani. Kipimo kilikuwa tisini na tisa. Nambari kumi na nne: tisini na mbili, na sabini na moja. Nikasubiri. Themanini, na sabini na sita. Sabini na tano, na sabini na tano. Ule mlolongo wa kurudia ukakoma kwenye nambari hiyo, na baada ya dakika moja kipimo kikaandika tisini na nane.

Nyuzi moja tu. Lakini nilikuwa nimeijua dawa.

5

Watu wa Isungu walivuka mlima kwa lori la mbao. Hadi saa nane mchana uwanja wa zahanati ulikuwa umejaa watu wawili wawili, kila mtu na wajina wake, wamekaa bega kwa bega, wengi wakionana kwa mara ya kwanza. Wasioweza kufika tuliwalaza majumbani kwa simu, wote dakika ileile. Chipseti ilishuka mpaka sabini na moja. Kwenye ripoti ya Mamlaka nilikwisha amua kuandika vumbi.

Kisha ilibidi waambiwe. Sista aliwaeleza alichokifanya, wala hakujitetea. Mimi nikaeleza yaliyobaki: kwamba kuanzia siku hiyo kila watu wawili wanafuata saa moja, kama mtu mmoja. Waamke pamoja, wafanye kazi pamoja, wale na kulala pamoja. Mmoja akikimbia, mwenzake akimbie. Ule waya nilikuwa nimeuvuta hadi dirishani na kuushika mkononi ili wauone.

"Wenye nambari ni ninyi wa Lyavala," nilisema. "Hamkuulizwa. Sasa naomba niulize."

Mzee Lutengano Mbilinyi, aliyekuwa karani wa kijiji, alisimama akitetemeka kwa hasira. "Mlinigawa kama nyama ya sherehe! Moyo wangu! Mlikuwa mnacheka mkinisalimia!"

Alikuwa anasema kweli. Wajina wake, kijana wa kukata mbao, aliinamisha kichwa. Mzee alisimama muda mrefu, halafu akakumbuka kwamba akisimama kwa hasira yule kijana naye anaumia, akaketi.

Hapo ndipo mama yangu aliponyoosha mkono.

"Na nikifa?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelisoma saa moja kabla kwenye maelekezo ya mashine, na nilikuwa nimeomba asitokee mtu wa kuuliza, zaidi sana yeye. Nambari ikituma habari kwamba moyo umesimama, mashine haisikilizi tena habari nyingine ya nambari hiyo. Inapiga mshtuko mara tatu, kisha inaifunga. Ningeweza kusema sijui. Mimi ndiye fundi, wangeniamini. Nilifungua kinywa.

Sista Leokadia akanitangulia.

"Enea wetu alikufa mwezi wa sita, asubuhi, kwa uzee wake," alisema. "Enea wa Isungu alikuwa na miaka thelathini na miwili. Alianguka asubuhi ileile. Mkewe nilimwambia ni homa."

Katikati ya watu wa Isungu mwanamke mmoja alitoa sauti, si ya kulia, ni pumzi tu iliyokatika. Wenzake wakamshika. Kwingine kote uwanjani watu wakaanza kugeuka kuwatazama wajina wao upya, vijana wakiwatazama wazee, mmoja mmoja. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakiogopa kwa utulivu hivyo.

Nikamgeukia mama. Waya ulikuwa umelowa jasho mkononi mwangu.

"Ningeulizwa mwanzoni ningekataa," mama alisema. "Mimi si malaika, msinidanganyie watu. Ningesema moyo ni wangu, na nimeutesekea." Akavuta shuka magotini mwa binti. "Lakini sasa nimekaa naye tangu asubuhi. Uache huo waya, Zabeli."

Nilimtazama Mzee Lutengano. Alitikisa mkono wake kama anayefukuza nzi, asionekane amekubali. Hakuna mwingine aliyepinga. Nikauachia waya.

Watu walianza kuinuka kwa uangalifu, wawili wawili. Barafu ilikuwa imeyeyuka na njia ya kushuka kijijini ilikuwa tope tupu. Binti wa Isungu hakuinuka. Alikuwa bado ameushika mkono wa mama.

"Bibi, una miaka mingapi?"

"Sabini na mmoja."

Nilimwona akihesabu. Alishuka kwenye benchi, akapiga goti kwenye tope mbele ya mama yangu, akaanza kumfunga kamba za viatu zilizokuwa zimelegea. Nyuma yake, uwanja mzima, vijana wa Isungu walikuwa wameinama, wakiangalia miguu ya wazee na mawe ya njia.

"Usinibane sana, mjukuu wangu," mama alisema.

"Afadhali vikubane, bibi," alisema binti, akafunga fundo la pili.